Kuvuta trela la safari kwa usalama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaovuta, au wanaokusudia kuvuta, trela lenye vitanda na jiko ndani, lile ambalo wengine huliita karavani. Wengi huanza kwa kuuliza mambo ya usukani: nikate kona vipi, nipige rivasi vipi, nikimbie kiasi gani. Lakini usalama wa trela huamuliwa kwa sehemu kubwa likiwa bado limesimama, kwa jinsi lilivyopakiwa na lilivyofungwa. Ndiyo maana tumeanza na uzito. Kama una safari kesho na huwezi kusoma yote, soma angalau swali la uzito wa shingo na lile la trela kuyumba, kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza maisha.

Muuzaji amesema gari langu linavuta kilo 2,500. Je, nichukue trela la kilo 2,500?

Hapana. Namba inayotajwa kwenye matangazo ni ukomo wa juu kabisa, na mara nyingi imepigiwa hesabu gari likiwa na dereva na mzigo mdogo sana. Ukishaingiza familia na mabegi, uwezo huo unapungua. Isitoshe, vikomo ni vingi na kila kimoja kinajitegemea: uzito ambao gari linaweza kuvuta, uzito ambao gari lenyewe linaweza kubeba, uzito wa gari na trela kwa pamoja, na uzito ambao kila ekseli inastahimili. Kile utakachokifikia kwanza ndicho kinachokufunga, hata kama vingine bado vina nafasi.

Mara nyingi kinachofikiwa kwanza ni uzito wa kubebwa. Chukua trela ambalo likishapakiwa lina kilo 2,000. Kama shingo yake inalalia nyuma ya gari kwa kilo 250, kilo hizo zinahesabiwa kana kwamba umezipakia ndani ya gari. Gari likiruhusiwa kubeba kilo 500, zimebaki 250. Watu wazima wanne wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 280. Umeshavuka ukomo kabla hujapakia hata begi moja, ingawa gari hilohilo lina nguvu ya kutosha kulivuta trela. Kwa hiyo soma kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kisha kitabu cha gari, kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Usipige hesabu kwa uzito wa trela tupu pia. Uzito huo hauna maji, vyombo, nguo, chakula, na wakati mwingine hata mitungi ya gesi na betri havimo. Tumia uzito wa juu ambao trela limeruhusiwa kufikia, maana watu hulijaza. Nchini Uingereza, wanaoanza hushauriwa wasivute trela ambalo uzito wake uliopakiwa unazidi asilimia 85 ya uzito wa gari lao. Hiyo si sheria, lakini ni kipimo kizuri popote ulipo: gari likiwa zito kuliko trela, gari ndilo linaloamua mwelekeo.

Uzito wa shingo ni nini, na kwa nini unasisitizwa hivyo?

Ni uzito ambao ncha ya mbele ya trela inaukandamiza juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Ukiwa mdogo mno, maana yake mzigo mwingi uko nyuma ya ekseli ya trela, na trela la namna hiyo hutafuta kuyumba kwa kisingizio chochote: upepo, lori linalopita, shimo, au dereva kukata usukani ghafla. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari inadidimia, magurudumu ya mbele yanapungukiwa na uzito, usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinashika vibaya na taa zinamulika juu machoni mwa wanaokuja.

Kwa matrela ya Amerika Kaskazini, kipimo kinachofuatwa ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. Trela la kilo 2,000 liwe na kilo 200 hadi 300 kwenye shingo. Karavani za Ulaya hujengwa tofauti, zina mwili mwepesi na huendeshwa kwa mwendo mdogo, hivyo kipimo chao huwa karibu asilimia 5 hadi 7, na tufe la gari mara nyingi limewekewa ukomo wa kilo 75 hadi 100. Usichanganye kanuni hizi mbili. Fuata iliyoandikwa kwa trela lako na kwa gari lako, na kati ya hizo mbili ndogo ndiyo inayotawala.

Nitaupimaje bila kununua vifaa vya gharama?

Nenda kwenye mizani ya malori. Pandisha gari peke yake, lipime. Kisha lifunge trela, panda tena ili magurudumu yote ya gari yawe juu ya mizani na ya trela yabaki nje. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa shingo. Ukisogea mbele mpaka trela nalo liwe juu ya mizani, umepata jumla ya msafara mzima. Kama una vyuma vya kugawa uzito (vimeelezwa hapo chini), vilegeze kabla ya kupima shingo, la sivyo namba itakudanganya.

Pima trela likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Kupima likiwa tupu ni kupoteza muda.

Mizigo nipange vipi ndani ya trela?

Vizito viwe chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na visawazishwe kulia na kushoto. Vyepesi kama matandiko na nguo ndivyo vya kuwekwa kwenye makabati ya juu. Kila kitu kifungwe, kwa sababu kinachoteleza wakati wa safari hubadilisha mizani uliyoipata kwa taabu.

Kosa linaloonekana sana ni baiskeli, tairi la akiba na boksi la vifaa kuning'inizwa nyuma kabisa ya trela. Kilo 60 zilizowekwa pale hazifanyi kazi ya kilo 60. Kwanza zinainua shingo, kwa sababu trela ni pembea iliyokalia ekseli. Pili, zikishaanza kusogea upande, ni vigumu kuzirudisha, maana ziko mbali na ekseli. Ukiona ni lazima baiskeli ziende, zitafutie nafasi juu ya gari au ndani.

Maji nayo yahesabiwe. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa linaongeza kilo 150 mahali tangi lilipo, na likiwa nusu maji yanacheza huku na huku. Jua tangi lako liko mbele au nyuma ya ekseli. Kama unakoenda kuna maji, safiri na kiasi kidogo tu, na mwaga maji machafu kabla ya kuondoka.

Vyuma vya kugawa uzito vinasaidia kweli?

Vinasaidia katika jambo moja: vinarudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari na kwenye ekseli za trela, ili gari likae sawa na usukani ushike. Havikuongezei kilo hata moja za kuvuta wala za kubeba, labda mtengenezaji wa gari mwenyewe awe ameandika ukomo mmoja wa kuvuta na vyuma hivyo na mwingine bila. Wapo pia watengenezaji wasioruhusu kabisa vifungwe kwenye magari yao, kwa hiyo angalia kitabu kwanza.

Kuna pia vizuizi vya kuyumba vinavyofanya kazi kwa msuguano. Ni vizuri kuwa navyo. Tatizo ni pale mtu anapovinunua ili kutibu trela lililopakiwa vibaya. Panga mzigo kwanza, pima, halafu ndipo ufunge kifaa.

Kabla ya kuondoka nikague nini?

Anzia kwenye tufe. Ukubwa wake lazima ulingane na kikombe cha trela, yaani ile ncha ya shingo inayofunika tufe. Ulaya tufe ni la milimita 50, Amerika Kaskazini yako ya inchi 1 na 7/8, inchi 2, na inchi 2 na 5/16, na kikombe kikubwa hukaa juu ya tufe dogo kana kwamba kimeshika, kisha kikachomoka kwenye tuta la kwanza. Ukishafunga na kuweka pini, fanya jaribio hili: zungusha jeki ya trela kana kwamba unainua shingo. Nyuma ya gari ikiinuka pamoja nayo, kikombe kimeshika. Kikinyanyuka peke yake, hakijashika, hata kama ulisikia mlio. Jaribio hilo linachukua dakika moja na sioni sababu ya kuliruka hata mara moja.

Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, ili ikitokea kikombe kimeachia, shingo iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Isiwe mirefu hadi ikaburuta, wala mifupi hadi ikazuia kona.

Waya mwembamba wa breki ya dharura ufungwe kwenye mwili wa gari, mahali pake. Usiufunge kwenye minyororo wala kwenye kipande cha kuvutia kinachochomoka, kwa sababu kipande hicho kikitoka kitaondoka na waya wake na breki hazitafanya kazi. Waya huo ukivutwa, pini inatoka na breki za trela zinajifunga, na kwenye mfumo wa umeme nguvu hutoka kwenye betri ya trela. Betri iliyokufa ina maana kwamba breki ya dharura huna.

Kisha mwombe mtu asimame nyuma ukijaribu taa za breki, indiketa na taa za usiku. Pandisha ngazi, inua jeki na miguu ya kusimamishia trela mpaka mwisho, shusha antena, funga madirisha ya paa, ondoa kabari za magurudumu. Mwisho kabisa zunguka trela lote kwa miguu bila mtu kukusemesha.

Matairi yangu yana meno mengi. Nibadilishe ya nini?

Kwa sababu matairi ya trela hufa kwa uzee kabla ya kuisha meno. Trela hukaa miezi juani bila kusogea, mpira unakauka na kupata nyufa ndogo. Watengenezaji wengi hushauri kuyabadilisha kati ya miaka 5 na 7 hata yakionekana mapya. Umri wake umeandikwa ubavuni: tafuta tarakimu 4 za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya safari, na ufikie kiasi kilichoandikwa kwenye kibao cha trela. Tairi lenye upepo pungufu linapinda kila linapozunguka, linapata joto, na joto ndilo linalolipasua. Usipunguze upepo katikati ya safari kwa sababu kipimo kimepanda. Kimepanda kwa joto, na ndivyo inavyotakiwa.

Angalia pia herufi ya mwendo ubavuni. J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120, M ni 130. Matairi mengi ya trela yaliyoandikwa ST, hasa ya zamani, yalikusudiwa yasizidi maili 65 kwa saa, yaani takriban kilomita 105. Gari lako linaweza kwenda zaidi ya hapo bila kujisumbua. Matairi ya nyuma hayawezi.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 160 za kwanza kila gurudumu linapofungwa upya. Beringi zipakwe grisi mara moja kwa mwaka au kama kitabu kinavyosema.

Breki za trela zinafanyaje kazi, na nitajuaje zimesetiwa vizuri?

Kuna aina mbili kuu. Kwenye breki za umeme, kifaa kidogo kilichofungwa karibu na usukani hupeleka umeme kwenye magurudumu ya trela unapokanyaga breki. Kile kilicho bora hupima gari linapungua mwendo kwa nguvu kiasi gani, kisha kikafunga trela kwa kadiri hiyohiyo. Vya bei nafuu hupeleka nguvu iliyopangwa bila kujali umekanyaga taratibu au kwa kishindo. Aina ya pili, iliyozoeleka Ulaya, haina kifaa cha ndani: gari likipunguza mwendo, trela linasukuma shingo yake mbele, na msukumo huo ndio unaofunga breki.

Kuseti zile za umeme, tafuta eneo tambarare, kavu na lisilo na watu. Kanyaga breki mara chache kwanza ili zipate joto. Nenda kwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, kisha bana kile kishikio cha mkono cha kifaa bila kukanyaga breki ya gari. Ongeza nguvu hatua kwa hatua mpaka magurudumu ya trela yakaribie kujifunga, halafu punguza kidogo. Ukihisi trela linakusukuma kila unapokanyaga breki, nguvu ni ndogo. Ukihisi linakuvuta nyuma kwa mshtuko, ni kubwa. Barabara ikilowa au mzigo ukibadilika, rudia.

Niende mwendo gani?

Kwa maoni yangu, kilomita 80 hadi 90 kwa saa kwenye barabara kuu yenye hali nzuri, na chini ya hapo kukiwa na mvua, upepo au lami mbovu. Sheria ya mahali ulipo inaweza kuruhusu zaidi au kudai pungufu.

Sababu ni hesabu. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 100 mwendo umepanda kwa asilimia 25, lakini nguvu ya kuzimwa imepanda kwa asilimia 56. Na trela huyumba kwa urahisi zaidi kadiri mwendo unavyopanda, jambo ambalo swali linalofuata linalieleza.

Ongeza pia nafasi ya mbele. Ukiwa peke yako sekunde 2 au 3 zinatosha, lakini ukivuta trela acha 5. Kwa kilomita 90 kwa saa unapita mita 25 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 5 ni mita 125. Watu watajipenyeza katika nafasi hiyo. Waache wapite, kisha irudishe.

Trela likianza kuyumba nifanye nini?

Toa mguu kwenye pedali ya mafuta. Shika usukani kwa mikono miwili na uuweke sawa. Kama breki za trela ni za umeme, bana kile kishikio cha mkono ili trela lifunge peke yake na kulivuta gari nyuma linyooke. Mwendo ukishashuka na mtikisiko ukaisha, ingia pembeni mahali salama na usimame.

Yasiyotakiwa ni haya matatu. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu: gari litapungua mwendo kabla ya trela, na trela litalisukuma kwa ubavu. Usijaribu kulifuata trela kwa usukani, kushoto likienda kushoto na kulia likienda kulia. Mikono ya binadamu huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunaongeza mtikisiko badala ya kuuzima. Na usiongeze mafuta ili "kulinyoosha". Ushauri huo unazunguka sana, na kuna anayekuapia kwamba ulimwokoa, lakini ukiufuata unaishia kwenye mwendo mkubwa zaidi, na mwendo ndio chanzo chenyewe.

Ni vizuri kuelewa kwa nini. Trela linazunguka kwenye tufe, na kila linaposukumwa upande hurudi na kupitiliza upande wa pili. Mwendo ukiwa mdogo, kila mtikisiko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia, mpaka unakufa wenyewe. Lakini kila gari na trela lake vina mwendo fulani ambao ukiuvuka, kila mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko uliopita, na katika sekunde chache trela linaliburuta gari. Mwendo huo wa hatari haukuandikwa popote, kwa sababu unategemea mzigo, shingo, matairi na upepo wa siku hiyo. Ndiyo maana mtu anaweza kusafiri salama kwenda, akarudi na trela lilelile likamshinda: alikula chakula kilichokuwa mbele, akajaza vitu nyuma. Mteremko nao ni hatari ya pekee, kwa kuwa trela linasukuma na mwendo unapanda bila kuombwa.

Ukishasimama, usiendelee na safari kana kwamba yamepita. Tafuta chanzo. Angalia matairi ya trela na ya nyuma ya gari, angalia kama mzigo umeteleza, sogeza vizito mbele, kisha uende taratibu kuliko mwanzo. Kama gari au trela lina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuyumba na umewaka, chukulia kuwa umeonywa.

Lori au basi likinipita, gari linavutwa upande. Ni kawaida?

Ndiyo. Lori husukuma ukuta wa hewa mbele yake. Hewa hiyo inafika kwanza nyuma ya trela na kulisukuma nje, kisha lori likiwa ubavuni linakuvuta kuelekea kwake. Litazame kwenye kioo kabla halijafika, sogea kidogo mbali nalo ukiwa ndani ya njia yako, usiongeze mwendo, shika usukani imara bila kuukaba. Mvuto mdogo unaoisha mara moja ni kawaida. Kama trela linaendelea kucheza baada ya lori kuondoka, rudi kwenye mambo ya uzito.

Upepo wa ubavuni ni mkali zaidi kwa sababu haupiti. Trela la urefu wa mita 7 na kimo cha mita 2.5 linaukabili upepo kwa ukuta wa zaidi ya mita 17 za mraba. Jihadhari unapotoka kwenye kinga, kwa mfano mwisho wa msitu, mdomo wa daraja, au baada ya kulipita lori. Upepo ukiwa wa kukufanya uhangaike na usukani, simama mpaka utulie. Hakuna mahali unapowahi panapostahili hilo.

Kwenye mteremko mrefu nitumie breki vipi?

Chagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ukiwa bado juu, ili injini ibebe kazi ya kuzuia. Kama gari lina kitufe cha kuvutia mzigo, kiwashe, na zima kidhibiti mwendo. Breki ziongezee pale injini inaposhindwa tu.

Usizikanyage mfululizo, kwa sababu joto huzilegeza mpaka pedali inashuka bila gari kushika. Ukitaka kukaa kwenye 60, acha mwendo ufike 65, kanyaga kwa nguvu mpaka 55, kisha achia kabisa zipoe. Rudia. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inakuwa laini, tafuta mahali pa kusimama sasa hivi, si chini ya mlima. Kwa karavani zenye breki za kusukumwa, gia ndogo ni muhimu zaidi, maana trela linalosukuma muda wote linajifunga muda wote.

Na kwenye mpando?

Hapo hatari ni joto la injini na la gia. Shusha gia mapema, kaa upande wa polepole, tazama mshale wa joto. Ukipanda, zima kiyoyozi. Kwenye miinuko mikubwa, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo usishangae gari likichoka mahali ambapo barabara haionekani kuwa kali.

Kona, vituo vya mafuta na madaraja ya chini vinanitia wasiwasi. Nifanyeje?

Magurudumu ya trela hukata kona kwa ndani kuliko ya gari. Nenda mbele zaidi kabla ya kukata, tazama kioo cha upande wa ndani mpaka trela lote lipite. Na ukikata kona kali, mkia wa trela ulio nyuma ya ekseli hutoka nje upande wa pili, ukagonga nguzo au gari lililoegeshwa. Wengi hulinda upande mmoja na kuusahau mwingine.

Vioo vya kawaida vya gari havitoshi trela likiwa pana kuliko gari. Funga vya kurefusha, uvipange gari likiwa limenyooka na trela. Pima kimo cha trela kuanzia ardhini hadi juu ya kiyoyozi cha paa, kiandike kwenye karatasi na ukibandike mbele yako. Matrela mengi ya Amerika Kaskazini ni kati ya mita 3 na 3.5, na mtu aliyezoea gari dogo hasomi vibao vya kimo. Kabla ya kuingia kituo cha mafuta, jiulize utatokea wapi. Kama jibu halionekani, pita.

Nifundishe kupiga rivasi.

Weka mkono mmoja chini ya usukani, pale saa ingeonyesha 6. Unakotaka nyuma ya trela iende ndiko mkono uende: mkono kushoto, trela kushoto. Nenda polepole mno, kwa mizunguko midogo ya usukani, na anza kunyoosha kabla trela halijafika unakotaka, kwa kuwa hujibu kwa kuchelewa. Likikunjana na gari kupita kiasi, usilazimishe. Endelea mbele mpaka vinyooke, uanze upya. Kuanza upya mara tatu si aibu, kukunja bodi ni hasara.

Ikiwezekana, chagua kuingia kwa upande wa dereva, unaouona kwa macho yako dirishani. Mweke mtu wa kukuongoza, mkubaliane ishara kabla, na sheria iwe moja: ukiacha kumwona kwenye kioo, unasimama. Shuka utazame matawi ya juu pia.

Tairi la trela likipasuka nikiwa kwenye mwendo?

Shikilia usukani sawa, usikanyage breki kwa ghafla, achia mafuta taratibu na uache mwendo ushuke wenyewe. Ingia pembeni mbali na magari, hata kama rimu itaharibika. Kwenye trela la ekseli mbili, kagua pia tairi jirani, maana lilibeba uzito wa mawili.

Watoto wanaweza kulala ndani ya trela wakati wa safari?

Hapana, hata kwa mwendo mfupi, hata sheria ya mahali hapo isipokataza. Hakuna mikanda, makabati ni ya mbao nyepesi, na hutasikia wakiita.

Niache gesi wazi ili jokofu liendelee?

Funga valvu kwenye mtungi kabla ya kuondoka. Ajali ikikata bomba huku mtungi uko wazi, gesi inaendelea kutoka. Ukifika pampu ya mafuta, moto wa jokofu ukiwa unawaka ni hatari ya wazi. Baadhi ya mahandaki na vivuko huzuia mitungi au hudai ifungwe. Jokofu lililopozwa tangu usiku na lisilofunguliwa hovyo huhifadhi baridi kwa saa kadhaa.

Ninahitaji leseni ya pekee?

Inategemea nchi. Katika Umoja wa Ulaya, leseni ya daraja B inaruhusu trela la hadi kilo 750, au zaidi ya hapo kama gari na trela kwa pamoja haviruhusiwi kuzidi kilo 3,500. Nyongeza ya B96 inafikisha kilo 4,250. Uingereza, tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya gari anaweza kuvuta trela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Mwendo nao hutofautiana: Uingereza ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu zilizotenganishwa katikati na 50 kwenye zisizotenganishwa, Ujerumani ni kilomita 80 au 100 kwa msafara uliopewa kibali, na California ni maili 55. Ukivuka mpaka, soma upya.

Nisimame baada ya muda gani?

Mara ya kwanza mapema sana, baada ya kilomita 15 au 20, kwa sababu kilichofungwa vibaya hujionyesha hapo. Baada ya hapo kila saa mbili. Kuvuta trela kunachosha kuliko kuendesha gari peke yake, na uchovu huja kabla ya njaa. Kila ukisimama gusa kikombe, minyororo, plagi na pini, kisha sogeza kiganja karibu na katikati ya kila gurudumu la trela. Yote yawe na joto linalofanana. Moja likiwa kali kuliko mengine, kuna beringi inayokufa au breki iliyoganda, na safari haiendelei mpaka ijulikane ni ipi.

Nikifika, nifungue kitu gani kwanza?

Kwanza weka kabari, mbele na nyuma ya magurudumu ya trela, pande zote mbili. Kuna watu hufungua kikombe kwanza kwa sababu uwanja unaonekana tambarare, na trela linaondoka likielekea kwa watu. Baada ya kabari, shusha jeki mpaka ibebe uzito, fungua kikombe na uinue shingo itoke kwenye tufe, trela likiwa bado limeshikwa na minyororo. Ukishaona limetulia juu ya jeki bila kusogea, toa plagi na waya wa breki ya dharura, na minyororo iwe ya mwisho. Ndipo usogeze gari.